Kupima nywele na kucha ukiwa na alopesia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu alopesia areata, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mizizi ya nywele. Nywele hunyonyoka kwa mabaka, na kwa wengine huisha kichwa kizima au mwili mzima. Maswali mengi hapa ni ya upimaji: nini kinahesabiwa, kinahesabiwaje, na kwa nini mambo yanayomsumbua sana mgonjwa, kama nyusi, kope na kucha, mara nyingi hayaandikwi kabisa kwenye kadi yake.

Kwa nini nipime, wakati kwenye kioo naona mwenyewe?

Kioo kinakuonyesha leo tu. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo anayejitazama kila asubuhi haoni tofauti, na siku akiamka na huzuni kila baka huonekana limepanuka. Halafu kuna suala la kadi ya kliniki. Ikiandikwa "mabaka makubwa kichwani", daktari atakayekuona baada ya miezi mitatu, ambaye huenda si yule wa kwanza, hawezi kujua kama dawa inafanya kazi. Ikiandikwa "SALT 29, nyusi 1, kucha 2", anajua pa kuanzia.

SALT ni nini?

Ni kipimo cha kiasi cha nywele zilizopotea kichwani, kuanzia 0 (hakuna kilichopotea) hadi 100 (hakuna unywele hata mmoja). Ndicho kinachotumika zaidi duniani kwa ugonjwa huu. Kichwa kinagawanywa sehemu nne, kila moja na uzito wake kulingana na ukubwa:

- juu (utosi na mbele yake): 40
- upande wa kulia: 18
- upande wa kushoto: 18
- nyuma (kisogo): 24

Sehemu ya juu inaanzia mstari wa nywele za usoni hadi mahali kichwa kinapoanza kuteremka kuelekea kisogoni. Pande zinaanzia kichwa kinapokunja kushuka, zinapita kwenye panja na kuzunguka sikio. Nyuma ni kilichobaki hadi shingoni. Usihangaike sana kama mpaka wako umepishana na wa daktari kwa sentimita moja. Jambo la msingi ni kutumia mpaka uleule kila unapopima.

Nionyesheni hesabu yenyewe.

Kwa kila sehemu, jiulize: kati ya nywele zilizopaswa kuwepo hapa, ni asilimia ngapi hazipo? Zidisha jibu hilo kwa uzito wa sehemu, gawanya kwa 100, kisha jumlisha zote nne.

Tuseme mama mmoja amepoteza asilimia 30 ya nywele za juu, 10 za kulia, 50 za kushoto na 25 za nyuma.

Juu: 30 × 40 ÷ 100 = 12
Kulia: 10 × 18 ÷ 100 = 1.8
Kushoto: 50 × 18 ÷ 100 = 9
Nyuma: 25 × 24 ÷ 100 = 6

Jumla ni 28.8, yaani SALT 29.

Kosa linalotokea sana ni kujumlisha asilimia nne na kugawanya kwa nne. Kwa mama huyu ungepata 28.75, na ungedhani njia hiyo inafaa. Hapo ni bahati tu. Chukua mtu aliyepoteza nywele zote za upande mmoja, na kwingine kote zipo: wastani unasema 25, SALT inasema 18.

Nina baka moja tu dogo. Nalihesabuje?

Tumia rula au utepe wa fundi cherehani. Ngozi ya kichwa cha mtu mzima, pale nywele zinapoota, ni kama sentimita za mraba 600 na kidogo. Baka la duara lenye upana wa sentimita 3 ni kama sentimita za mraba 7, kwa hiyo ni takriban asilimia 1 ya kichwa. Upana ukifika sentimita 6, baka halijawa mara mbili, limekuwa mara nne, kama asilimia 4 au 5. Wengi wanashtuka kusikia hivyo, maana kwa macho linaonekana "limeongezeka kidogo". Kwa hiyo andika upana kwa sentimita, mlalo na wima, usiandike "limekua".

Kichwa cha mtoto ni kidogo, kwa hiyo baka la upana huohuo kwake ni asilimia kubwa zaidi.

Mimi sina mabaka. Nywele zimekuwa nyepesi kichwa kizima.

Hiyo pia inahesabika. Kama nywele za juu zimebaki nusu ya ujazo wake wa zamani, upotevu wa sehemu hiyo ni asilimia 50, hata kama hakuna palipo wazi. Kama ni sehemu tu iliyokuwa nyepesi, zidisha: asilimia 40 ya eneo la nyuma imepungua kwa nusu, basi upotevu wa nyuma ni asilimia 20.

Aina hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, kwa sababu anayekutazama kwa mbali anaona nywele zipo. Picha ya zamani, ya kabla ya ugonjwa, inasaidia sana hapa. Ibebe.

Kuna malaika meupe yameanza kuota kwenye baka. Nihesabu kwamba nywele zimerudi?

Malaika laini, yale ya kama shavuni mwa mtoto, bado hayahesabiwi. Kinachohesabiwa ni unywele mnene wa kawaida. Rangi haijalishi: unywele mweupe ulio mnene ni unywele, na katika ugonjwa huu nywele zinazorudi mara nyingi huanza nyeupe kabla ya kushika rangi. Lakini usiyaache malaika bila kuyaandika. Yawekee mstari wake pembeni: "malaika yapo baka la kushoto". Huenda ndiyo dalili ya kwanza kwamba mizizi imeamka, na mgonjwa aliyeambiwa "SALT haijabadilika" anastahili kulijua hilo.

Mwanaume mwenye upara wa kurithi aanze kuhesabu kutoka hali aliyokuwa nayo kabla alopesia haijamwanza. Upara wa baba si sehemu ya SALT.

SALT ngapi ni kali?

Mgawanyo unaotumika sana sasa ni huu: hadi 20 ni hafifu, 21 hadi 49 ni ya kati, 50 hadi 100 ni kali. Wengine hutenga 95 hadi 100 kuwa kali kupindukia.

Hata hivyo, mwaka 2022 kundi la wataalamu Marekani lilichapisha mizani inayokiri kwamba namba ya kichwani haitoshi. Kwa mizani hiyo, mgonjwa wa kiwango hafifu au cha kati anapandishwa ngazi moja akiwa na hata moja kati ya haya: ugonjwa umemwathiri sana kisaikolojia na kijamii, nyusi au kope zimepotea kwa kuonekana, ametibiwa angalau miezi sita bila nafuu ya kutosha, au nywele zinang'oka kwa urahisi sehemu nyingi za kichwa. Tunashauri kila mgonjwa ayajue mambo hayo manne. Mwenye SALT 30 aliyepoteza nyusi zote mbili anaweza kuhesabiwa mgonjwa mkali, na hilo linabadilisha dawa atakazofikiriwa kupewa.

Angalia pia umbo. Nywele zikinyonyoka kwa mkanda kuanzia nyuma ya sikio moja, kupita juu ya shingo hadi sikio la pili, hesabu inaweza kuwa ndogo: nyuma 60, kila upande 30, jumla ni 25 tu. Lakini mkanda huo ni mgumu kutibika kuliko mabaka ya utosini. Andika namba, kisha andika "mkanda wa kisogoni".

Kwa nini kila mara nasikia kuhusu "SALT 20"?

Kwa sababu wagonjwa wenyewe waliulizwa. Utafiti uliowahoji wagonjwa na madaktari wa ngozi ulionyesha kwamba matibabu yanahesabiwa yamefaulu nywele zikifunika angalau asilimia 80 ya kichwa. Zamani tafiti nyingi zilihesabu kupungua kwa nusu. Sasa fikiria aliyetoka SALT 100 akafika 50: amepungua kwa nusu, lakini bado anavaa wigi au mtandio. Aliyetoka 40 akafika 20 naye amepungua kwa nusu, ila yeye anaweza kutoka nyumbani kichwa wazi. Hawa wawili hawakupata kitu kimoja.

Majaribio mawili makubwa ya barisitinibu, dawa ya kumeza iliyoidhinishwa Marekani Juni 2022 kwa watu wazima wenye alopesia areata kali, yalitumia kigezo hicho: waliofika SALT 20 au chini baada ya wiki 36. Kwa waliomeza miligramu 4 kwa siku walifika asilimia 38.8 katika jaribio la kwanza na 35.9 katika la pili. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ilikuwa 6.2 na 3.3. Zingatia wiki hizo 36. Anayeacha dawa mwezi wa pili kwa kuwa "haifanyi kazi" amepima mapema mno. Kwetu Afrika Mashariki kuna la nyongeza: dawa za kundi hili zinashusha kinga, kwa hiyo kifua kikuu na homa ya ini hupimwa kabla ya kidonge cha kwanza. Usinunue mkononi mwa mtu.

Nyusi na kope zinapimwaje? SALT haizitaji.

Kweli, haizitaji, na hilo ndilo lalamiko kubwa la wagonjwa. Mtu anaweza kufunika kichwa kwa kilemba, kofia au wigi. Uso haufunikiki hivyo. Halafu si suala la sura tu: nyusi zikiisha, jasho linatiririka moja kwa moja machoni, kope zikiisha, vumbi la barabarani linaingia na macho yanawasha na kutoa machozi. Nywele za puani zikiisha, makamasi mepesi yanachuruzika bila mafua. Haya yote yaandikwe.

Kuna mizani fupi ya ngazi nne iliyotengenezwa kwa ajili hii, daktari ana yake na mgonjwa ana yake. Kwa nyusi, maana yake ni hii:

0: nyusi zimejaa, hakuna palipopungua
1: kuna mapengo madogo
2: kuna mapengo makubwa, au upande mmoja hauendani na mwingine
3: hakuna nyusi za kuonekana

Kope zinapimwa kwa mtindo huohuo, ukitazama ukingo wa juu na wa chini wa macho yote mawili. Tazama kope ukiangalia chini, mtu mwingine akikumulika kwa pembeni. Ukitazama mbele, kope za juu zinajificha.

Futa wanja kwanza. Tunalirudia hili kwa sababu ndilo linaloharibu vipimo vingi vya kina mama: nyusi zilizochorwa vizuri humdanganya daktari, na mgonjwa hataki kuzifuta mbele ya watu. Omba pamba na dakika mbili za faragha. Kope za bandia nazo zitolewe siku moja au mbili kabla, kwa uangalifu, maana gundi yake hung'oa zile chache zilizobaki.

Kucha zina uhusiano gani na nywele?

Kucha, kama nywele, hutengenezwa na chembehai zinazozaliana kwa kasi. Chembe hizo ziko kwenye shina la kucha, lililojificha chini ya ngozi pale kucha inapoanzia. Kinga inayoshambulia mizizi ya nywele inaweza kushambulia na hapo. Dalili za kucha zinaweza kutangulia nywele kunyonyoka, kwenda nazo pamoja, au kuja baadaye. Huonekana zaidi kwa watoto na kwa wenye ugonjwa ulioenea.

Unachoweza kukiona ni hiki. Vishimo vidogo kama vya ncha ya pini, vifupi, mara nyingi vimejipanga kwa mistari kama mishono ya cherehani. Hivi ndivyo vya kawaida zaidi. Kucha kukwaruza kama msasa, bila mng'ao, yenye mistari ya wima. Madoa meupe. Wekundu kwenye ule mwezi mweupe wa chini ya kucha. Mfereji unaokata kucha kwa mlalo. Kucha kuwa nyembamba, kupasuka ncha, na mara chache kuachia kabisa kuanzia kwenye shina.

Na kuna yasiyoonekana ila yanauma: kucha inayonasa kwenye kanga na kwenye wigi, kushindwa kuokota sarafu sakafuni, kushindwa kufungua kifungo, ncha kuuma unapoosha vyombo au kumenya vitunguu. Daktari anayetazama mikono kwa sekunde tano hawezi kuyajua hayo usipomwambia.

Nizikague vipi kucha zangu nyumbani?

Osha mikono, ikauke kabisa. Kaa karibu na dirisha, na ulaze vidole ili mwanga uje kwa pembeni. Mwanga wa juu moja kwa moja unafuta vishimo. Anza na gumba la kulia hadi kidole cha mwisho, halafu kushoto kwa mpangilio uleule. Kwa kila kucha jibu maswali matatu: kuna vishimo? inakwaruza ukipitisha ncha ya kidole kingine? imepasuka au imekuwa nyembamba? Andika jibu la kila kidole.

Baada ya hapo, zitazame kucha zote za mikono kwa pamoja na utoe alama moja:

0: hazina shida
1: zimeharibika kidogo
2: zimeharibika kiasi
3: zimeharibika sana

Alama hii ni ya kwako wewe mgonjwa, na ikipishana na ya daktari zote mbili ziandikwe. Usichanganye na kile kipimo cha kucha cha ugonjwa wa soriasi, kinachogawa kila kucha robo nne na kufika alama 80 kwa vidole kumi. Kilitengenezwa kwa ugonjwa mwingine, na kinahesabu mambo ambayo katika alopesia hayaonekani sana, kama kucha kujibandua kutoka kwenye nyama au uchafu mgumu chini yake. Vishimo vya soriasi, kwa kawaida, ni vya kina zaidi na vimetawanyika ovyo.

Kucha za miguu zitazame, lakini usizitegemee. Viatu na kujikwaa huziharibu bila msaada wa ugonjwa wowote, na kuota kwake ni nusu ya kasi ya za mikono.

Nimepaka hina. Ninaweza kupimwa?

Unaweza, kwa nusu. Hina haiondoki kwa sabuni wala kwa asetoni. Kucha inabeba rangi hadi iote na kukatwa. Rangi hiyo inaficha wekundu na madoa meupe, lakini vishimo, mikwaruzo na mipasuko huonekana kwa mwanga wa pembeni. Kama kuna harusi, acha gumba moja na kidole cha shahada bila hina, na utaje kwenye kumbukumbu zako ni vipi. Rangi ya kucha ya kawaida futa siku moja kabla.

Kucha za kubandika na jeli ni shauri jingine. Msasa wa saluni na kubandua kwa nguvu hupunguza unene wa kucha, na baada ya hapo hakuna anayeweza kusema ni ugonjwa au ni saluni. Kwa aliye kwenye matibabu tunashauri aziache hadi kucha mpya iote yote, kama miezi sita.

Kuna mfereji umekata kucha zangu kadhaa kwa mlalo. Ni wa lini?

Unaweza kuhesabu. Pima kwa rula, kwa milimita, kutoka ngozi ya chini ya kucha hadi kwenye mfereji, kisha gawanya kwa 3. Mfereji ulio milimita 6 juu ya ngozi ulianza takriban miezi miwili iliyopita. Linganisha na kilichotokea wakati huo: nywele zilianza kunyonyoka kwa kasi? ulikuwa na homa kali? ulijifungua? Mfereji kwenye kucha moja tu kwa kawaida ni jeraha la kidole hicho. Ukiwa kwenye kucha nyingi kwa umbali unaolingana, chanzo ni mwili mzima.

Hesabu hiyohiyo inakuambia kusubiri kiasi gani. Dawa ikifanya kazi leo, kucha nzuri inaanza kutokea chini, na sehemu mbovu inasukumwa juu taratibu. Baada ya miezi miwili angalia milimita 6 za chini tu. Kama hizo ni laini, kucha inapona, hata kama ncha bado ni msasa.

Duka la dawa wameniambia ni fangasi wa kucha.

Kucha zinazokwaruza na zenye vishimo mara nyingi hupewa dawa ya fangasi kwa miezi bila faida. Fangasi hupenda kucha za miguu, huzifanya nene na za njano, na huanza kwa kucha moja au mbili. Kucha kumi za mikono zikiharibika kwa pamoja kwa mtindo mmoja, fikiria kitu kingine. Njia ya uhakika ni kukata kipande na kukipeleka maabara kabla ya kumeza kidonge. Dawa za fangasi za kumeza zinaweza kuumiza ini, kwa hiyo usizitumie kwa kubahatisha.

Picha za kufuatilia nizipige vipi?

Picha tano za kichwa: mbele, kulia, kushoto, juu, nyuma. Moja ya nyusi, moja ya kope ukiangalia chini, moja kwa kila mkono. Jumla tisa. Simu ya kawaida inatosha.

Kaa mahali palepale, saa ileile, mwanga wa dirisha ukiwa mbele yako. Zima taa ya simu, maana inaifanya ngozi ing'ae na baka linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Zima na programu za urembo zinazolainisha ngozi. Simu nyingi zinaziwasha zenyewe kwenye kamera ya mbele, kwa hiyo tumia ya nyuma na umwombe mtu akupigie. Kichwa kwa umbali wa nusu mita, kucha kwa sentimita 20. Weka rula pembeni mwa baka. Nywele ziwe kavu, bila mafuta mengi, zimegawanywa kwa chanuo mahali palepale kama mara iliyopita.

Rudia kila baada ya wiki nne. Kupiga kila siku hakuongezi habari yoyote, kunaongeza wasiwasi.

Nimesuka. Lazima nifumue?

Ndiyo. Rasta, weaving na hata mabutu huvuta nywele za pembeni kufunika mabaka, na msusi hodari anaweza kuficha robo ya kichwa. Fumua siku mbili tatu kabla ya kupimwa, osha, chana taratibu. Nywele nyingi zitatoka siku ya kufumua, na wengi hulia wakidhani ugonjwa umelipuka. Sehemu kubwa ni zile zilizokwisha kudondoka siku kwa siku na kunaswa ndani ya msuko. Mtu asiye mgonjwa hudondosha nywele kama 50 hadi 100 kwa siku. Kwa wiki sita za msuko hilo ni fungu zima mkononi.

Kipimo cha kuvuta kinafaa zaidi kuliko kuhesabu zilizoanguka. Shika nywele kama 50 au 60 kwa kidole gumba na viwili vinavyofuata, karibu na ngozi, kisha vuta taratibu kwa mkazo uleule hadi nchani. Fanya hivyo mahali pane: utosini, pande zote mbili, kisogoni. Kwa mazoea, zikitoka zaidi ya sita mahali pamoja ugonjwa unaendelea kwa kasi. Siku hizi wataalamu wengine wanahesabu hata zaidi ya mbili kuwa si kawaida. Usifanye saa moja baada ya kufumua.

Nina hakika gani kwamba hii ni alopesia areata?

Kabla ya kupima chochote, swali hili lijibiwe na daktari wa ngozi, kwa sababu SALT haifai kwa magonjwa mengine.

Kwa mtoto, la kwanza kulifikiria ni mashilingi. Baka la mashilingi lina magamba, nywele zilizokatika, linawasha, na mara nyingi tezi za shingoni zimevimba. Hayo ni maambukizi na yanatibiwa kwa dawa ya kumeza, si ya kupaka peke yake. Baka la alopesia areata ni laini na safi, ngozi yake ni ya kawaida, na pembezoni unaweza kuona nywele fupi zilizo nyembamba chini na nene juu, kama alama ya mshangao.

Nywele zikipungua kwenye mstari wa mbele na panja kwa anayesuka kwa kukaza, na ukingoni kabisa kumebaki kijimstari cha nywele nyembamba, hapo ni mvuto wa msuko. Legeza mapema, kwa maana ukiendelea miaka, mizizi inakufa.

Upara unaoanzia katikati ya utosi wa mwanamke na kutanuka pande zote, ngozi iking'aa na matundu ya nywele yakipotea, huenda ni ule wenye makovu, na kwa wanawake weusi hutokea sana. Huo usisubiri wiki nne za picha. Mizizi iliyogeuka kovu hairudi, kwa hiyo kinachopiganiwa ni iliyobaki.

Jambo moja kuhusu kioo cha kukuza chenye taa anachotumia daktari: kwenye ngozi nyeusi huonekana vidoti vingi vyeupe vilivyopangika vizuri, ambavyo ni vya kawaida kabisa. Picha za vitabuni nyingi ni za ngozi nyeupe, na vidoti vya manjano vinavyosifiwa humo ni vigumu kuvionea kwetu.

Kuna kipimo cha uchungu wenyewe?

Kipo. DLQI ni maswali kumi kuhusu wiki moja iliyopita: aibu, mavazi, kazi, michezo, unyumba na kadhalika. Jumla ni 0 hadi 30. Zaidi ya 10 maana yake ugonjwa unaathiri maisha sana. Kina upungufu kwa wagonjwa wetu, kwani swali la kwanza linauliza kuwasha na kuuma, na mabaka ya alopesia mara nyingi hayawashi wala hayaumi. Mtu anapata alama ndogo huku amekwisha kuacha kwenda kanisani au msikitini. Ukipewa fomu hiyo, ijaze kwa uaminifu, kisha andika chini yake kwa maneno yako ulichokiacha kufanya tangu nywele zianze kutoka. Mtoto anayekataa kwenda shule kwa sababu wenzake wanamvua kofia, hilo liandikwe hivyohivyo lilivyo.

Ninameza biotini. Itaharibu vipimo?

Ya kichwani, hapana. Ya damu, ndiyo inaweza. Biotini kwa dozi kubwa, kama zile za vidonge vya "nywele na kucha", huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya shingo ambavyo wenye alopesia huagizwa mara kwa mara. Mwambie anayekutoa damu, na umuulize daktari uache siku ngapi kabla. Kwa asiye na upungufu wa biotini hakuna ushahidi kwamba inarudisha nywele za alopesia areata.

Siku ya kliniki niende na nini?

Karatasi moja. Juu yake tarehe ugonjwa ulipoanza, kisha jedwali: tarehe, SALT, nyusi, kope, kucha, malaika. Safu moja kwa kila wiki nne. Chini, dawa ulizotumia, kwa jina, dozi na muda, pamoja na za kienyeji. Mgongoni, mambo mawili yanayokusumbua kuliko yote, hata kama ni kope tu. Picha zipange kwenye simu kwa tarehe kabla hujaitwa, usianze kuzitafuta mbele ya daktari. Na uende kichwa bila mafuta, nyusi bila wanja, kucha bila rangi.